Uniti Ishirini na Nne za Jumamosi

Kila alipotoka shule, Zuhra alianzia dukani kwa baba yake, mtaa wa Mwilamvya, mjini Kasulu. Alinyoosha mkono kwenye friji kuukuu la soda, akakemewa, akacheka, kisha akapita uani kubadili sare. Uani kulikuwa na vyumba vitatu: viwili vya kwao, na cha tatu cha mpangaji wao Vestina, fundi cherehani kutoka Makere. Duka na vyumba vyote vilitumia LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, na hiyo LUKU ndiyo iliyowakosesha raha. Uniti zilikuwa hazikai hata kidogo! Zikiwekwa leo, baada ya wiki ni giza.

Mwalimu Fidele, mwalimu wa sayansi wa darasa la sita, akawapa wanafunzi kazi. "Kila siku saa kumi na mbili jioni someni uniti zilizobaki. Mziondoe kwenye za jana, mwandike zimetumika ngapi. Wiki ikiisha mtajua nyumba zenu zinakula umeme kiasi gani."

Jumapili jioni LUKU ya kina Zuhra ilionyesha sabini. Jumatatu jioni ikasoma sitini, naye akaandika kumi. Jumanne mchezo wa rede ulinoga, akarudi amechelewa na hakutaka hata kuiangalia LUKU. "Nani atajua?" akajiambia, akaandika sita. Jumatano saba, Alhamisi sita, Ijumaa saba, zote za kubuni.

Jumamosi alisoma kweli. Lo! Zilikuwa zimebaki kumi tu. Alipiga hesabu, akaona namba zake zilikuwa ndogo mno, na pengo lile lilihitaji mahali pa kwenda. Akalitupia lote Jumamosi: uniti ishirini na nne.

Kesho yake baba yake, Mzee Mudathiri, alilifungua daftari. Macho yakamtoka.

"Ishirini na nne kwa siku moja! Na Jumamosi ndiyo siku Vestina anapiga pasi nguo za wateja. Mwiteni!"

Vestina alikuja na futi ya kupimia shingoni. "Baba Zuhra, pasi yangu ya umeme iliungua tangu Alhamisi. Jana nimetumia ya mkaa."

"Jana asubuhi nilimwona nayo, ya mkaa," alisema Asia, mama yake Zuhra. "Mchana sikuwepo."

"Mchana ndipo alipotumia ya umeme! Hili daftari limeandikwa na mtoto. Mtoto ana sababu gani ya kudanganya?"

Zuhra alikuwa amesimama mlangoni. Neno moja tu lingetosha. Lakini alimwogopa baba, alimwogopa na mwalimu. Vestina, ambaye alimshonea sare aliyoivaa mwaka mzima, alimgeukia, akamwita mwanangu kwa Kiha. "Zuhra, mwana wanje, ndivyo ulivyosoma?"

Zuhra akaitikia kwa kichwa. Jamani, mtoto huyu!

Asubuhi ya Jumatatu, kwa amri ya Mzee Mudathiri, cherehani ya Vestina ilifungwa kwenye pikipiki, na yeye akarudi Makere kwa mama yake. Majirani walitazama wakinong'ona kwamba kumbe fundi alikuwa akiiba umeme.

Jumapili jioni baba alikuwa ameongeza uniti nyingine. Tangu hapo, kila jioni, saa kumi na mbili kamili, Zuhra alikwenda kusoma LUKU. Jumatatu tisa na nusu. Jumanne tisa na nusu. Jumatano vilevile. Vestina alikuwa ameondoka, na uniti bado zilikuwa zinakatika! Zuhra alijificha bafuni akalia hadi sauti ikamkauka, maana sasa alikuwa na uhakika kwamba amemponza mtu asiye na kosa.

Alhamisi alishindwa kuvumilia. "Baba, nilidanganya. Siku nne sikusoma LUKU. Nilibuni, halafu zilizopungua nikaziweka Jumamosi."

Mzee Mudathiri aliketi juu ya kreti la soda. Hakumpiga, wala hakufoka. "Nimemfukuza mtu bure," alisema taratibu, na Zuhra akatamani bora angechapwa.

Jumamosi aliitwa Mwalimu Fidele. Alizima kila kitu isipokuwa friji la dukani, na baada ya saa tatu uniti zilikuwa zimepungua karibu moja. "Hili halipumziki," alisema. Akabana karatasi kwenye mlango wa friji na kuivuta. Karatasi ikatoka bila kukwama popote. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka, baridi yote ikitoka nje, na ubavu wa friji uliegemea ukuta unaopigwa na jua. Wakabadili mpira, wakalihamisha friji. Uniti zikashuka hadi tano kwa siku.

Jumapili baba na mtoto walikwenda Makere. Walimkuta Vestina akipukuchua maharage. Mzee Mudathiri aliomba radhi, akasema chumba chake bado kipo.

"Asante, Baba Zuhra. Lakini nguo za kwaya zimeshapelekwa kwa fundi mwingine. Wateja wangu wameambiwa mimi ni mwizi. Nirudi, nimshonee nani?"

"Nitawapitia wote nyumba kwa nyumba, niwaeleze," alisema Mzee Mudathiri, akiinamisha kichwa.

Zuhra alipiga magoti. "Dada Vestina, nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila sikia, mwana wanje. Kutosoma ile LUKU ulikuwa uvivu tu, ungeadhibiwa na yangeisha siku ileile. Kilichonitoa kwangu ni zile namba ulizobuni, na kule kuitikia kwa kichwa nilipokuuliza. Siku usipopima, andika kwamba hukupima, na ukiulizwa, sema. Nafasi ya namba ikibaki wazi kwenye daftari hakuna atakayeumia. Uongo wako nimeulipa mimi, tena niliyekushonea sare."

Kisha akavuta ungo wake, akaendelea kupukuchua maharage. Hakusema kama atarudi, na wao hawakuthubutu kumuuliza.