Matanga Yasiyoondolewa

Shangazi yangu Zeina si mtu wa kuogopa vivuli. Ni fundi cherehani, mjane, ulimi wake mwepesi kuliko mkasi wake, na ukimletea habari za majini atakuuliza kama na wao huja kushonewa suruali. Ndiyo maana aliponisimulia habari ya jirani yake Phineas, nilimsikiliza mpaka mwisho.

Ilikuwa katikati ya miaka hii ya themanini, hapo Malindi. Zeina alikuwa amepanga chumba katika jumba la maduka lililojengwa kwa ajili ya watalii, lenye sakafu ya kung'aa na maua ya bandia mlangoni. Mlango wa pili ulikuwa wa Phineas, mtu wa bara aliyekuja pwani na sanduku la santuri na mke mmoja, Easter. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa wa mbao nyembamba. Phineas akipiga wimbo wa haraka, cherehani ya Zeina nayo ilikwenda mbio, na siku za nyimbo za mapenzi wateja walilalamika kwamba nguo zao zimechelewa.

Phineas alikuwa na kazi nyingine iliyompendeza zaidi. Watu waliokuwa na ndugu Uarabuni walikuja kwake kurekodi salamu kwenye kanda, kwa sababu barua haichekei mtu wala haimlilii. Zeina naye alikwenda kumrekodia kaka yake aliyeko Maskati. Aliporudishiwa sauti yake aisikie, alishika kiuno.

"Huyu nani? Mimi si kigagula namna hii!"

"Wote husema hivyo, Mama Kulthum," Phineas alicheka. "Sauti yako wewe huijui. Wanaoijua ni wale wanaokupenda."

Maneno hayo Zeina aliyachukulia kuwa mzaha wa dukani.

Kisha mambo yakaharibika kidogo kidogo. Zilikuja redio za vinywa viwili, zinazonakili kanda moja kwenye nyingine, na kila nyumba ikawa duka. Mtu mmoja akinunua kanda Ijumaa, Jumapili mtaa mzima unaimba na Phineas hajauza ya pili. Vikafuata vibanda vya video, vijana wakahamia huko na macho yao. Santuri zikabaki ukutani zikipinda kwa joto. Easter, aliyefua mashuka katika hoteli moja ya ufukweni, alikuja kila mchana na bakuli la githeri, akamkuta mumewe akipangusa vumbi kwenye vitu visivyonunuliwa. Phineas alimpenda mwanamke yule bila kificho. Akimwona tu mlangoni, uso wake ulifunguka.

"Nikipata kitu ambacho hakuna mwingine anacho," alimwambia Zeina, "duka hili litapona."

Ndipo akafa Jefwa, mlinzi wa jumba. Alikuwa mtu wa watu, na majirani wakafunga safari kwenda kwao Kakuyuni kuhani msiba. Zeina alibeba sukari. Phineas alibeba kikapu kilichofunikwa kwa kanga ya Easter, na Zeina akadhani ni unga.

Walikuta hanga, yaani matanga ya kwao, limejaa. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wakiimba, na aliyewaongoza alikuwa Kache, mama yake Jefwa. Sauti yake ilikuwa nyembamba na kavu. Alitoa jina la mwanawe, wenzake wakalipokea, likazunguka uani likarudi kwake. Wanaume walikaa kando kimya, hakuna aliyefungua kinywa. Zeina alilia mpaka kichwa kikamuuma.

Jua lilipoanza kushuka Phineas aliinua kikapu chake. Kache alimshika mkono.

"Mwanangu, hanga haliachwi hivyo. Kesho asubuhi tunaoga, tunafagia, tunazifunga nyimbo. Uliyekaa nasi, toka nasi."

"Nina duka, mama. Nisamehe."

Akaenda zake. Zeina alilala. Asubuhi alioga na wenzake, akashika ufagio, na nyimbo zikafungwa. Kikapu cha Phineas hakikuwepo zilipofungwa.

Haikupita wiki. Zeina alikuwa akitia uzi kwenye sindano pale alipomsikia Kache akiimba upande wa pili wa ukuta.

Sindano ilimchoma kidole. Akatoka mbio. Watalii walikuwa wamejazana dukani kwa Phineas, na kipaza sauti kilikuwa kimetolewa nje ya mlango. Jina la Jefwa lilikuwa likizunguka juu ya ile sakafu ya kung'aa. Kumbe kile kikapu kilificha kinasa sauti, si unga.

"Phineas! Toa hiyo. Matanga yaliondolewa yale."

"Ni muziki tu, Mama Kulthum. Tazama watu! Hiki hakuna mwenye nacho."

Alikuwa na furaha, masikini. Kanda zile ziliuzika. Wageni walinunua, na wenyeji pia walinunua, wengine kwa ajili ya kumkumbuka Jefwa. Na wenyeji, kama kawaida yao, wakanakiliana.

Alasiri moja Zeina alisikia kitu kipya. Baada ya wanawake kunyamaza, mwanamume alikuwa akilia. Si kuimba. Kulia, kwa kukata pumzi, na neno moja lisiloshikika likirudiwa mara mbili. Zeina aligonga ukuta.

"Kumbe ulimlilia Jefwa! Na mimi nilidhani una moyo wa jiwe."

"Sikulia mimi."

"Basi nani huyo?"

Phineas alirudisha kanda nyuma, akasikiliza tena. Akainua mabega. "Simjui."

Zeina aliijua sauti ile kama anavyoijua cherehani yake. Ilikuwa ya Phineas.

Siku chache baadaye alikuja Masha, mkulima wa Ganda aliyekuwa mteja wa zamani. Aliiweka kanda juu ya meza bila kuamkia mtu. Alinong'ona, na Zeina alilazimika kusogea ili amsikie.

"Mke wangu analia humu. Mwanzoni hakuwemo. Tuliposikia, yeye akasema si yeye. Jana tumemzika mtoto."

Hakudai kitu. Alitoka, akaiacha kanda mezani.

Mchana ule Easter alikuja na bakuli lake. Kanda ilikuwa ikizunguka, kwa kuwa Phineas alikuwa bado akitafuta sauti ya mke wa Masha. Easter alisimama mlangoni. Akaliweka bakuli chini polepole.

"Ni wewe," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Ulilia hivyo hivyo siku ya mama yako. Hapa unamlilia nani?"

Phineas hakuwa na mama tena, wala baba, wala mtoto. Alikuwa na Easter peke yake. Wote watatu walilijua hilo, na Zeina aliona aibu hata kumtazama.

Kesho yake Phineas na Zeina walikwenda Kakuyuni. Kache alikuwa akipepeta mahindi. Alisikiliza habari yote, ungo ukamponyoka, mahindi yakamwagika.

"Kumbe umetoka na nyimbo zangu zikiwa wazi," alisema. "Hanga hilo mnalikaa nyumba kwa nyumba, na hakuna maiti. Likikosa maiti litatafuta."

"Nifanye nini, mama?"

"Ziletwe hapa. Zote. Zikisalia hata moja, ni kazi bure. Tutazifunga pamoja."

Phineas alifunga duka. Alizunguka Malindi kama mtu aliyepotelewa na mtoto, akibisha mlango kwa mlango. Aliwabadilishia watu kanda za salamu, za taarabu, za kwaya, akagawa hata santuri zake. Aliowauzia alikuwa amewaandika wote daftarini, hata watalii na hoteli zao, na kila mmoja alimrudishia. Akaamini amemaliza. Zeina aliona sanduku limejaa na hakuwa na moyo wa kumwambia analolijua kila mtu wa Malindi, kwamba Ijumaa inanunuliwa moja na Jumapili unaimba mtaa mzima.

Alipokwenda Kakuyuni na sanduku lake, alimwomba Zeina akae na Easter. "Usimwache hata kidogo."

Zeina alikaa naye toka asubuhi. Easter alikuwa mzima. Alikula, alicheka, alifua. Alikuwa na afya ya kumtia mtu wivu. Adhuhuri ikapita. Zeina akaanza kupumua. Huko Kakuyuni, alijisemea, wamekwisha kufagia.

Nje lilisimama lori la makaa kutoka Adu. Dereva alishuka kununua maji, akaiacha redio yake ikiimba.

Alikuwa Kache.

Easter alikuwa ameshika kanga iliyolowa, akitaka kuianika. "Dada," alinong'ona, "si zimekusanywa zote?"

Zeina alikimbia barabarani. "Zima! Zima hiyo! Umeipata wapi?"

"Kwa rafiki," dereva alijibu kwa mshangao. "Naye kanakili kwa mwenziwe. Kwani kuna nini, mama? Kwetu huko kila mtu anayo."

Akaizima. Barabara ikawa kimya.

Zeina alirudi uani. Easter alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta, kanga imemlalia mapajani. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye pindo la kanga. Macho yake yalikuwa wazi. Zeina alimwita. Alimtikisa. Alimwita tena. Kanga ile ndiyo iliyofunika kikapu.

Ndipo akasikia hatua za mtu anayekimbia, na sauti ya furaha kutoka mbali.

"Nimerudi! Easter, nimerudi!"

Phineas aliingia na sanduku tupu. Alitazama. Sanduku likaanguka. Akapiga magoti, akamkumbatia mkewe, na kile kilio kikatoka.

Zeina alikijua. Alikijua pumzi kwa pumzi. Alijua pale kitakapokatika, na kikakatika. Alijua pale kitakapokwama, na kikakwama. Hata lile neno lililokuwa halishikiki, sasa lilishikika. Lilikuwa nimerudi, nimerudi. Na mwanamume yule kama asingekwenda Kakuyuni siku ile, angekuwa na sababu gani ya kulia kwamba amerudi? Zeina alijiuliza swali hilo, akajuta kujiuliza.

Phineas alimpeleka mkewe kuzikwa kwao bara na hakurudi tena. Duka lake sasa limekuwa kibanda cha video. Zeina alihamishia cherehani nyumbani.

Mwaka huu binti yake Kulthum alinunua sokoni kanda ya taarabu, zile zisizo na picha wala jina la mtu. Jioni walikuwa jikoni wakipika, redio ikiwa dirishani. Nyimbo zilipokwisha, kanda iliendelea kuzunguka na mvumo wake. Kisha wakaingia wanawake wakiimba. Kisha mwanamume, nimerudi, nimerudi. Nyuma yake wengine, wanaume na wanawake, wengi, ambao Zeina hakuwajua, kila mmoja akilia peke yake na kumpisha mwenzake. Wa mwisho alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye sauti nzito ya kukwaruza.

"Huyo simjui," Zeina aliniambia, akitikisa kichwa kwa huruma. "Masikini mama wa watu. Nilimuuliza Kulthum ni nani anayelia vile kama kigagula. Aliinuka akazima redio, akaja akanikumbatia pale pale jikoni, mikono imejaa unga. Mtoto huyu ana mambo!"

Shangazi alicheka. Kulthum alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, amesikia yote. Alinitazama, akaweka kidole mdomoni.

Nikapokea kikombe changu, nikanywa.