Pumzi za Nyawira

Wamucii hukama ng'ombe wake mmoja huko Mutuini kila asubuhi, naye bintiye Nyawira huketi mlangoni akizungusha kifuniko cha sufuria. Nyawira ana miaka kumi na miwili. Ana usonji. Haongei sana, na kelele za ghafla humuumiza.

Siku moja jirani aliwasha mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Nyawira akapiga nduru, akahema mbio. Akina mama wa ushirika wa kanisa wakaingia, kama desturi yao. Wakafunga madirisha, wakamkandamiza kitandani, wakamwombea kwa sauti kubwa ili pepo amtoke. Nia yao ilikuwa njema, lakini nia njema nayo huua. Midomo ya mtoto ilibadilika rangi, akazimia mikononi mwao.

Mtoto alipozinduka, Wamucii alimkimbiza hospitali. Daktari akamwelekeza kwa Mwalimu Debra, anayefundisha watoto wenye usonji kule Waithaka.

"Hana pepo," Debra alisema. "Kelele zilimzidi, pumzi zikamshinda. Halafu mkamlalia kifua. Mngemuua, Mama Nyawira."

Wamucii alilia. Debra hakumbembeleza. Alileta miwani mikubwa ya mchezo wa kompyuta, inayofunika macho yote na kuhisi pumzi. Ndani yake mtoto huona ndege mdogo mwenye mabawa. Akitoa pumzi polepole, ndege hupaa. Akihema mbio, ndege hutua.

Nyawira aliikataa. Debra akamwacha aishike tu. Siku nyingine aliivaa kidogo, akaitupa. Haraka haraka haina baraka. Hatimaye akacheza, na ndege akapaa.

Wamucii aliomba kuiazima, amvalishe mtoto akianza nduru.

"Hapana, utamwongezea hofu," Debra alisema. "Hii ni ya kujifunza akiwa ametulia. Saa ya shida, wewe ndiye ndege. Punguza kelele, usimshike, kaa karibu upumue polepole akuone."

Jumamosi, spika za sherehe ya mahari zilivuma kwenye ploti ya pili kutoka kwao. Nyawira akaanguka sakafuni, ameziba masikio. Stellah, kiongozi wa ushirika, akaja mbio na wenzake. Wamucii aliwazuia mlangoni. Akawaomba waende wakapunguze zile spika, kisha waombe nje, kimya.

Akaketi chini karibu na mtoto, akapumua polepole. Mtoto alihema, akahema, muda mrefu wa kutisha. Mwishowe akautazama mdomo wa mamake, akapuliza. Akapuliza tena, polepole.

Stellah, aliyekuwa amerudi baada ya spika kupunguzwa, aliuliza kama sasa mtoto amepona.

"Bado ana usonji, na atakuwa nao," Wamucii alisema. "Lakini leo amepumua, kwa sababu hatukumziba pumzi."