Tuvune Kwanza

"Deus, tumbo limezidi kuniuma. Nipeleke hospitali, Ifakara."

"Mpunga umeiva, Oliva. Tukiondoka ndege wanamaliza wote. Tuvune kwanza."

Oliva akaivuta kamba ya makopo, akaendelea kuamia ndege wasitue mpungani, amejikunja juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba. Neno lile alilizoea. Miaka yote aliyoishi na Deus aliomba ndoa ya kanisani, naye apokee komunyo kama wenzake. Jibu lilikuwa hilohilo: tuvune kwanza, tufanye harusi ya kueleweka. Wakivuna, Deus anaongeza shamba. Kutosheka alikusikia kwa majirani tu, mwanaume yule.

Rosemery, mdogo wake Oliva, ndiye aliyekuja na bodaboda kumchukua. Deus akabaki na mpunga.

Siku chache baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu yake:

"Shemeji, daktari anasema tumechelewa. Dada anamtaka padri. Wewe baki na ndege wako."

Akapiga.

"Rosemery, mwambie anisubiri!"

"Njoo umwambie mwenyewe."

Simu ikakatwa. Deus akaruka kutoka kwenye dungu, akakimbilia barabarani kutafuta pikipiki. Nyuma yake ndege wakatua mpungani kwa makundi. Aliwasikia, wala hakugeuka.

Alimkuta padri wodini, tayari amevaa stola shingoni. Akapiga magoti na matope yake.

"Padri, tufungishe ndoa. Sasa hivi."

Padri akamgeukia mgonjwa.

"Oliva, unamtaka? Hulazimishwi."

Oliva alimtazama mwanaume aliyempenda, na aliyemchosha.

"Muulize, Padri, nani anaamia ndege."

"Hakuna mtu," Deus akasema, analia waziwazi. "Waache wale, Oliva."

"Shamba lote?"

"Lote."

Oliva akanyoosha mkono.

"Basi namtaka."

Mashahidi walikuwa Rosemery na nesi wa zamu. Pete hazikuwepo. Oliva akapokea komunyo, machozi yanamtoka, akalala ameshika mkono wa mumewe. Hakuamka tena.

Mwaka huo majirani walijaza magunia. Deus hakuvuna hata debe. Wageni wakipita wakiona mabua matupu, humuuliza mpunga wake ulikwenda wapi.

"Uliliwa kwenye harusi yangu," huwajibu.