Sauti Isiyopita Pazia

Ramula, jirani yetu wa Malukhu, Mbale, hakutaka muziki. Alitaka mtoto alale.

Mumewe Tamim alikuwa mpiga gitaa katika bendi moja ya Jinja. Kila alipokuwa nyumbani Mbale, baada ya sala ya adhuhuri, alimpigia binti yao Juwairiya polepole mpaka alale. Kisha gari likamuua njiani, akirudi. Tangu mazishi, wiki sita, mtoto halali. Hulia mpaka sauti ikauke, na maziwa huyatema. Alikuwa amekonda, shingo imebaki kama ya kifaranga.

Siku hiyo Sebit, mdogo wa marehemu, alikuja kutoka Jinja kuchukua gitaa na amplifaya, kwa kuwa vyombo vya muziki katika nyumba ya eda si adabu. Mama mkwe alikuwa barazani akichagua mchele. Mlango ulikuwa wazi.

"Mpigie mara moja tu, shemeji. Kidogo kidogo," Ramula alimwomba.

"Majirani wakisikia, watasema mjane amefungua klabu," Sebit alisema, lakini akachomeka waya wa umeme.

Alishusha vitufe vyote. Sauti ikatoka nyembamba kama ya mbu. Mtoto akazidi kulia.

"Mashine hii haiimbi mpaka uifungulie," Sebit alisema.

"Hapana, umeshusha vyote. Tamim alipandisha cha kwanza, mpaka gitaa likwaruze kidogo. Cha mwisho ndicho alichokishusha. Halafu besi aliiongeza, maana sauti ikiwa ndogo besi hupotea. Na iweke juu ya kiti, isikae sakafuni."

Sebit akafanya hivyo. Sauti ikawa nene, tamu, ndogo kiasi cha kutopita pazia. Ilikuwa ile ile. Lakini vidole havikuwa vile. Mtoto aliendelea kulia.

Sebit akalilaza gitaa kitandani, akainamia amplifaya kidogo, akatoka kwenda kutawadha. Ramula akambeba mtoto, akaelekea ukutani ili machozi yake yasionekane.

Nyuma yake, kidole kikateleza juu ya uzi.

Kisha noti moja. Kisha wimbo.

Mtoto akanyamaza.

Ramula hakugeuka.

"Baba Juwairiya?" alinong'ona.

Sauti ikakoma. Mtoto akaanza kukunja uso.

"Basi. Sikuulizi. Endelea, alale."

Ikaendelea.

Sebit alirudi, maji yakimdondoka viwikoni. Wimbo ulikuwa umekwisha.

"Nani alikuwa anapiga?"

Ramula alitikisa kichwa.

"Shemeji," Sebit alisema polepole, "waya wa umeme ninao mimi." Akautoa mfukoni mwa kanzu.

Hawakumwambia mama. Alasiri ile ile vyombo vilikwenda Jinja, na mtoto akalala mpaka kesho yake.

Asubuhi, akimwogesha, Ramula alikifungua kiganja cha kushoto cha mtoto. Ncha za vidole vinne zilikuwa ngumu, kila moja ina mfereji mwembamba, kama za mkono uliobonyeza nyuzi miaka mingi.

Alivibusu kimoja kimoja. Kisha akamvika soksi mikononi, kabla nyanya yake hajaingia.