Lishe Siyo Kulisha

Mke alifunua sufuria, akashika kiuno.

"Baba watoto, maharage haya ni ya nani?"

"Ya kwetu."

"Sisi tuko wanne. Hapa kuna chakula cha kikosi kizima!"

"Mkono umezoea," mumewe alisema, akatazama chini.

Mkono ulikuwa umezoea kweli. Ujana wake wote aliumalizia jeshini, akiwa mpishi. Tangu astaafu, mtaani walimwita Afande Sufuria. Alicheka nao, lakini moyoni hakucheka. Alikumbuka jiko la kambini kabla ya mapambazuko. Alikumbuka moshi, kelele za sahani, na vijana waliopanga foleni wakimtania. Walikuwa wakimngoja yeye. Siku hizi hakuna aliyemngoja. Alitamani kufaa tena.

Nafasi ilikuwepo. Jeshi lilimsomesha kila mstaafu kozi moja ya chuo. Moja tu. Ukichagua vibaya, imekula kwako. Mwisho wa kuomba ulikuwa Ijumaa. Afande alikuwa ametembelea vyuo viwili, na tayari alikuwa na uamuzi.

Jioni jirani yao alikuja na bakuli. Mtaa mzima ulijua maharage ya nyumba hiyo hayaishi. Mama huyu alipima ubora wa maziwa kiwandani, ndiyo maana akaitwa Mama Maziwa.

"Shemeji, nasikia unarudi shule. Utasoma nini?"

"Lishe," alijibu Afande, kifua mbele.

"Kumbe unataka kufanya kazi hospitali?"

"Hospitali ya nini tena? Mimi nimelisha watu maisha yangu yote. Nilipoona imeandikwa Shahada ya Lishe, nikasema hii ndiyo yangu."

Mama Maziwa alicheka mpaka akaweka bakuli chini. "Jamani, shemeji! Lishe siyo kulisha!"

"Kwani hukuuliza?" mke alidakia.

"Binti wa mapokezi aliniuliza kama nina swali."

"Ukamjibu nini?"

Afande alijikuna shingo. "Hapana, afande."

Wanawake wale walicheka wakashikana mabega. Afande hakucheka.

"Jeshini huulizi," alisema taratibu. "Unaamriwa, unaitikia. Sijui kuuliza."

Mama Maziwa aliacha kucheka. Akavuta kigoda, akakaa.

"Sikiliza, shemeji. Lishe inahusu mwili wa mtu. Mtoto ale nini akue, mgonjwa ale nini apone. Upishi ni ufundi wa kuandaa chakula, nao unaujua tayari. Halafu kuna sayansi ya chakula. Hiyo inahusu chakula chenyewe. Kwa nini kinaharibika, na kifanyweje kikae muda mrefu bila kumdhuru mtu. Zote ni kozi nzuri. Wewe roho yako inataka nini?"

Afande akasema jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kulisikia.

"Tulikuwa kambi ya mbali. Nikafungua ghala, nikakuta makopo ya nyama yamevimba. Tukayafukia yote. Gari la chakula lilichelewa, vijana wakalala njaa. Hawakunilaumu hata mmoja, na hilo ndilo liliniuma. Mpaka leo najiuliza, kopo limezibwa kabisa, hewa ilipita wapi?"

"Mlifanya vizuri kuyafukia," alisema Mama Maziwa. "Kopo lililovimba halionjwi hata kidogo. Na hilo swali lako, shemeji, ndilo kozi yako. Rudi vyuoni, kawaulize. Kozi imeidhinishwa na serikali? Maabara iko wapi? Wanafunzi wanapelekwa viwandani kujifunza? Na vyeti vyako vya jeshi vitakusaidia kuingia?"

"Na kemia?" Afande aliuliza kwa sauti ndogo. "Niliiacha nikiwa kijana."

"Umeona? Umeshaanza kuuliza."

Kesho yake alivaa shati lililonyooka, akaenda. Chuo cha kwanza kilikuwa na jengo la vioo.

"Naomba kuona maabara," alisema. Jasho lilimtoka.

"Tutajenga," alijibiwa.

"Na kozi imeidhinishwa?"

"Bado inashughulikiwa, mzee wangu."

Alishukuru, akatoka.

Chuo cha pili rangi ilikuwa imebanduka ukutani. Lakini mwalimu alimwonyesha kibali cha kozi, akamfungulia maabara. Ndani mlikuwa na mashine ya kuziba makopo, na wanafunzi wakipima joto. Mwalimu alisema vyeti vya jeshi vya upishi na ghala vitahesabiwa. Kuhusu kemia, kulikuwa na masomo ya maandalizi kwa watu wazima.

"Una swali lingine?"

Afande aliuliza habari ya makopo yaliyovimba.

"Hakuna hewa iliyoingia," alisema mwalimu. "Vijidudu vilibaki hai ndani, kwa sababu joto halikufika katikati ya kopo wakati wa kutengeneza. Vikazaana, vikatoa gesi. Hata mpishi bora asingeweza kuzuia."

Afande aliitikia kwa kichwa tu. Kabla ya Ijumaa alikuwa ameshaomba Sayansi ya Chakula.

Masomo hayakuwa mchezo. Kemia ilimtoa kijasho, na vijana wa darasani walimwita babu. Alizidi kuuliza, hata wengine wakaanza kumtuma awaulizie. Mwaka wa tatu alipelekwa kiwanda cha nyama ya kopo kwa mafunzo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha joto limefika katikati ya kila kundi la makopo. Lisipofika, kundi lile halitoki kiwandani.

Siku moja lori lilipakiwa. Mzigo ulikuwa unakwenda kambi za mpakani. Afande alisimama getini, koti jeupe la maabara mwilini. Alilitazama lori mpaka likapotelea vumbini. Aliwaza vijana asiowajua, watakaofungua makopo yale huko mbali, washibe, wataniane. Alitamani sana angekuwa juu ya lori lile.

"Babu, kundi jipya linakungoja!" waliita ndani.

Akafuta macho kwa mkono wa koti, akarudi kupima.