Mlango wa Chini ya Sinki

Kila akitoka shule, msichana huyu alikuwa na desturi yake. Anavua sare, anakula amesimama, kisha mbio hadi karakana ya shangazi yake kufagia maranda ya mbao. Mtaani walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa. Hata ndoo ya maji aliibeba mbiombio, akifika nyumbani imebaki nusu.

Shangazi yake alikuwa fundi seremala, tena fundi hasa. Milango ya makabati aliyotengeneza ilifunga kimya, bila kukwaruza wala kulegea. Chapuchapu alimwonea fahari shangazi huyo kuliko mtu mwingine yeyote, na alitamani siku moja aaminiwe kazi ya maana, si ufagio tu.

Siku hiyo ikafika. Alikuja Bibi Mkunga, mzee aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule walipozaliwa, Chapuchapu akiwa mmoja wao. Kabati lake la jikoni lilikuwa bado imara, lakini milango yake sita ilikuwa imechakaa. Mingine ilivimba kwa maji, mingine bawaba zilikatika, na ule wa chini ya sinki aliufunga kwa kamba.

"Mjukuu wangu ameanza kutambaa," alisema. "Jana nimemkuta ameshika chupa ya dawa ya kusafishia choo, anataka kuionja. Nibadilishie milango, fundi, roho yangu itulie."

Shangazi akampa Chapuchapu utepe, karatasi na penseli. "Kapime nafasi za milango. Zote sita, moja moja. Nitakata kwa kufuata karatasi yako."

Chapuchapu alikwenda akijiona fundi mzima. Alipima nafasi ya kwanza: upana sentimita thelathini na nane. Akazitazama nyingine, akaona zinafanana kama mapacha. Ile ya chini ya sinki ilitaka apige magoti na kutoa chupa na madumu, na huko nje wenzake walikuwa wanaruka kamba, wanamwita. Basi akaandika thelathini na nane mara sita, akatoka.

"Umepima zote?" Shangazi aliuliza.

"Zote, Shangazi."

Uongo huo ulitoka mwepesi sana. Kukaa nao ndiko kulikokuwa kuzito.

Kwa siku tatu alimtazama shangazi yake akifanya kazi. Shangazi alichagua mbao ngumu zilizokauka vizuri, akazipiga randa, akaziunga, akazipiga msasa. Kila baada ya muda alifumba macho na kupitisha kiganja juu ya ubao, akitafuta mkwaruzo. Alipomaliza upande wa mbele, aligeuza mlango na kuanza upande wa nyuma kwa uangalifu uleule.

"Shangazi, huko nyuma nani atakuona?"

"Mende," alijibu bila kucheka. "Na maji. Nyuma kukiachwa vibaya, ubao unanyonya maji, mlango unapinda. Bibi wa watu ametuamini."

Maneno hayo yalimchoma Chapuchapu. Machozi yakamlengalenga.

"Shangazi, nilipima nafasi moja tu."

Msasa ulisimama. Shangazi alijipangusa vumbi mikononi, polepole. "Mbona hukusema kabla sijakata?"

"Niliogopa."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa. Lakini mlango usipofunga, yule mtoto atakunywa dawa."

Shangazi hakumgombeza. Alichukua utepe, akasema, "Twende."

Kwa Bibi Mkunga, Chapuchapu alipiga magoti, akatoa chupa zote, akapima. Nafasi tano zilikuwa sawa. Ile ya chini ya sinki ilikuwa na sentimita arobaini na moja, kwa sababu zamani fundi bomba aliipanua apitishe bomba lake. Mlango wake ulipungua sentimita tatu, na ubao ukishaukata mfupi, hata uulilie haurefuki.

"Nisamehe, bibi," alisema Chapuchapu. "Nimekosea mimi, si shangazi. Sikupima."

Bibi Mkunga alimtazama juu ya miwani yake. "Hata siku ya kuzaliwa kwako ulikuja mbiombio. Nusura nikudakie mlangoni."

Shangazi alikagua fremu, akawaza, kisha akapata njia. Alichonga kipande chembamba cha mbao zilezile, chenye upana wa sentimita tatu, cha kuzibia pengo upande wa bawaba. Kazi ya msasa akamwachia Chapuchapu. Msichana akapiga msasa hadi vidole vikamuuma.

"Rudia hapa," Shangazi alisema, kiganja kikiwa juu ya ubao. Akarudia mara tatu.

Kipande kikagundishwa, kikakazwa kwa skrubu, na milango yote sita ikafungwa mahali pake, ule wa chini ya sinki ukitiwa komeo juu, mbali na mikono ya mtoto. Mjukuu akatambaa moja kwa moja hadi chini ya sinki. Akavuta mlango. Akavuta tena. Akaketi, akaupiga makofi, akaangua kilio.

"Lia, mjukuu wangu, lia," alisema Bibi Mkunga akicheka. "Kilio hiki nilikuwa nakisubiri."

Njiani, Chapuchapu alijua sasa ataambiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Hakuambiwa.

"Kukosea vipimo, hata mimi hukosea," Shangazi alisema. "Lakini nikiwa nakata, kabati silioni. Naona karatasi yako tu. Mkweli akikosea, tunarekebisha. Mwongo akipatia, bado nitalazimika kwenda kupima upya."

Wiki iliyofuata ilikuja kazi nyingine, milango minne ya kabati la mshonaji. Chapuchapu alitumwa akapime. Alirudi wenzake wameshamaliza kuruka kamba, magoti yake yana vumbi.

"Umepima zote?"

"Zote, Shangazi. Mara mbili."

Shangazi aliipokea karatasi, akaisoma. Kisha akaiweka mezani, akavuta ubao, akachukua msumeno, akakata.