Waya wa Duara la Adero

Siku ya gulio pale Bomani, Adero alimkanyaga fundi Owuor kwa buti lenye tope la machimbo ya Nyakunguru. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano, na juu yake koti la kaka yake.

"Jaber, mrembo, mguu huo una mwenyewe," Owuor alisema.

"Mwambie auondoe njiani."

Wakacheka, wakapeana namba. Kabla mvua hazijaanza, Owuor alikuwa amemfungia waya wa kutambua maji kwenye duara, shimo la dhahabu alilochimba kaka yake, Otieno. Maji yakipanda, simu ya Adero ilie.

Jumatatu maji yalipanda, simu ikanyamaza. Otieno alitoka yamemfika shingoni. Iliyolia ni simu ya Vivian, jirani aliyefungiwa waya siku chache kabla, na duara lake lilikuwa kavu!

Adero akapiga. "Kumbe unayemlinda ni Vivian?"

"Mpenzi, hata mimi sielewi..."

Akakata. Siku sita hakupokea.

Jumapili, walipotoka kanisani, Owuor alimkuta machimboni, penye kisanduku cha kompyuta kilichounganisha nyaya zote mbili.

"Nimepata kosa. Maji yakigusa waya, maktaba ya C, programu ya watu wengine, huita kazi niliyoitajia, yaani kipande cha programu yangu. Kazi yangu imo ndani ya klasi, umbo la programu lenye nakala moja kwa kila duara, inataka kujua ni ya duara lipi. Maktaba haijui. Nikaweka kazi ya nje ya klasi, nikaiandikia pembeni jina la duara moja tu."

"La nani?"

"La mwisho kusajiliwa. Vivian alipoingia, wewe ukafutika."

"Ndivyo unavyopenda? Wa mwisho?"

"Hapana, mama! Maktaba ina nafasi ya kubeba mzigo mmoja kwa kila waya, sikuisoma. Sasa kila waya nimeukabidhi anuani ya duara lake. Maji yakija, maktaba inairudisha anuani hiyo, kazi inamjua mwenyewe."

"Hata nusu sijaelewa."

Adero alileta ndoo ya maji. Akachovya waya wa Vivian. Simu ikalia kwa Vivian. Akachovya wake. Mfuko wa koti ukatetemeka: *Adero, watoe watu. Nakuja. Owuor.*

Aliisoma mara mbili. Otieno alikuwa anajifunga kamba ashuke.

"Shuka naye," Adero alisema. "Mkipanda salama, kesho twende kwa baba."

Owuor akavua viatu vya kanisani. Adero akaketi ukingoni, simu mikononi, akimwomba Mungu isilie.